Mtamba wa Mama na Kompyuta ya Gidioni

Kilema,
Juni 2005.

Mpendwa dada Theodora,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo dada. Ninaomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Songea, pamoja na shemeji na watoto, na yale maumivu ya mgongo uliyoyaandika yawe yamepungua, ingawa kwa muuguzi kuumwa mgongo ni kama kwa mkulima kupakaa matope. Sisi huku hatujambo kwa kadiri mwezi wa sita unavyoruhusu. Ukungu umeshuka mpaka migombani, jua tunalisikia kwa watu wa Himo, na shati lililofuliwa Jumatatu linavaliwa Jumapili likiwa bado linafikiria kukauka. Mama hajambo. Asubuhi anakohoa kidogo, halafu anapata mtu wa kumkemea na kikohozi kinapoa.

Barua yako nimeipata. Uliniuliza jambo moja tu, kama kuitengeneza kompyuta ya Gidioni kuna faida au tutakuwa tunatwanga maji, ili kama ipo faida utume mchango wako. Nitakujibu dada, lakini jibu lenyewe lina kona nyingi kama barabara ya kupanda kuja kwetu, kwa hiyo kaa mahali penye mto wa kuegemea.

Krismasi ile ya mwaka juzi hukuwepo, ulikuwa zamu. Mdogo wetu Gidioni alikuja nayo kwenye mkoba mweusi, akawa anaifungua pale kwenye benchi la nje saa watu wanatoka misani, akiitazama kwa uso wa mtu mwenye kazi nyingi. Hakuiwasha hata mara moja. Alisema betri inapumzika, nasi tukaona ni haki yake, kila kiumbe hupumzika sikukuu. Siku ya kuondoka akamwomba Mama yule ng'ombe mweusi wa maziwa, amuuze apate nauli ya kwenda Sauzi, ambako kuna kazi inamsubiri. Akasema hachukui bure. Anaacha kompyuta, yenye thamani ya ng'ombe watatu, na ndani yake zimo kazi zote za ofisi, kwa hiyo itunzwe kama jicho. Angeifuata Pasaka. Hakutaja Pasaka ya mwaka gani.

Mama akaitunza kwa namna anayoijua. Wewe umekaa siku nyingi kwenye nyumba za watu wanaopikia gesi, labda umesahau kwamba huku kitu cha thamani kinakaa darini, juu ya mafiga. Huko ndiko zilipo mbegu za mahindi na maharage, huko ndiko ndizi zinaivishwa, na moshi unakizuia kila kitu kisipate unyevu wala wadudu. Basi akaifunga kwenye kitenge chake cha jubilei ya parokia, akaiweka kati ya mahindi ya mbegu na mkungu wa ndizi. Mimi mwenyewe nilimshikia ngazi. Tangu siku ile mtori ukachemka chini yake, kiburu cha ndizi na maharage kikachemka, maji ya kuoga yakachemka, na hakuna kati yetu wenye akili aliyefungua mdomo.

Baada ya Pasaka ya mwaka huu umeme ukafika kwa Mektrida, mjane wa baba mdogo, anayepakana nasi. Simwelezi kwako, unamjua, ila sasa amepanda cheo, ndiye mwenye umeme. Mama akaona kompyuta ya mtoto ikalishwe moto kidogo isije ikazimia kwa njaa. Ikafunguliwa mezani kwa Mektrida mbele ya watu. Yakamwagika masizi juu ya kitambaa cheupe, ikatoa harufu ya ndizi iliyoiva, lakini kuwaka haikuwaka. Mektrida akamwambia Mama, Kornelia, wewe umeibanika kompyuta ya mtoto, na mpaka jioni neno lilikuwa limeshafika kwenye kilabu cha pombe ya mbege, limeongezwa pilipili. Kuna waliouliza imebanikwa na ngozi yake au imechunwa. Mama akaenda misheni kuungama, akakaa kwenye kiungamio muda mrefu, nasi tukacheka tena, kwamba sasa hata kompyuta ina amri yake ya Mungu.

Toka hapo ikawa wimbo mmoja, itengenezwe. Nikamwuliza Mama kwa kitu gani. Akanionyesha kwa kidevu yule mtamba, mtoto wa ng'ombe mweusi, mwenye mimba yake ya kwanza. Unajua kahawa tulishaing'oa, bei ilipofika mahali pa kutuaibisha. Katika kihamba kile chote, shamba la nyumbani, kilichobaki cha kuitwa mali ni yule mtamba, nami ndiye niliyekuwa namkatia majani.

Nikaipeleka mjini kwa fundi mmoja anaitwa Davis, ana kibanda upande wa soko, zamani alikuwa anatengeneza redio. Akaifungua, akaita fundi wa jirani aje aone, wakaniuliza mangi, hii mlikuwa mnaikausha au mnaivuta. Nikawaacha wacheke, ndiyo malipo ya awali. Davis akachukua brashi ya rangi akawa anafagia masizi. Katikati ya kufagia akaacha kucheka. Akanivuta nije nitazame. Akanionyesha mahali inapokaa kumbukumbu ya kompyuta, hapana kitu. Mahali pa ile diski inayotunza kazi zote za ofisi, hapana kitu. Betri ilikuwa ganda. Na humo kwenye mashimo matupu masizi yalikuwa yametanda chini vizuri, mpaka ndani ya matundu ya skrubu, kama ukuta wa jiko. Akaniambia kwa upole kwamba kuku huyu alitolewa utumbo kabla hajafika jikoni kwenu.

Nikajaribu kuwasingizia wezi. Akaniuliza wezi wa Kilema siku hizi wanapanda darini na bisibisi ndogo, halafu wanaacha ndizi?

Kuhusu gharama alisema vitu vya ndani vinapatikana, vilivyotumika, lakini vyote pamoja ni bei ya mtamba mzuri, na hata vikiingia yeye haahidi kitu. Kwa ushauri wake niiache. Dada, huyu Davis ni mtu wa Machame. Mtu wa Machame akikukataza kumpa fedha, inama ufikiri.

Kwa hiyo nilipaswa kurudi nyumbani niseme basi, tuiache. Lakini tazama nani anasema. Kaka yetu mkubwa alipata sehemu yake kule juu tangu Baba yupo hai. Nyumba ya Mama na kihamba chake ni vya kitinda mimba, ndiyo mila, wala sina ugomvi nayo. Mimi wa katikati nilipewa shamba la porini kule chini, ambako mahindi yanategemea Mungu ameamkaje. Sasa kitinda mimba asiporudi, ni nani yuko karibu? Mektrida alishasema wazi kwamba mimi Valerian nimeipeleka kompyuta mjini ikamaliziwe kufa, ili Gidioni asiwe na cha kufuata. Ningemwambia Mama kuwa mwanao alikuachia ganda akachukua ng'ombe, asingesikia maneno hayo. Angesikia mtu anapima nyumba kwa hatua.

Nikaanza kukuandikia wewe, ili wewe ndiye umweleze. Binti aliyeolewa harithi hata mche wa mgomba, kwa hiyo ulimi wako ni safi. Barua ile sikuimaliza. Tulikuwa migombani na Mama, tunakata magogo ya mgomba ya kumlisha mtamba, akaniuliza tena fundi amesemaje, nami nikajibu tena kwamba vipuri vinasubiriwa kutoka Nairobi. Akaweka panga chini. Akaniambia Valerian, usijichoshe, mimi nilimwona.

Dada, alimwona. Ilikuwa siku ya Mtakatifu Stefano, kesho yake Krismasi, sisi tumekwenda kusalimia ukweni. Mama anarudi na mzigo wa majani akamkuta Gidioni nyuma ya jiko, amekaa kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, kompyuta iko wazi magotini, anatoa vitu vya ndani kimoja kimoja na kuvitia kwenye soksi. Hakumwona Mama. Mama akarudi kinyumenyume mpaka njiani, akaja upya akiimba wimbo wa Krismasi kwa sauti, ili mtoto apate muda wa kufunika. Na kesho yake akampa ng'ombe.

Nikamwuliza kwa nini basi aliipandisha darini. Akanitazama kama nilivyokuwa nikitazamwa nilipokuwa natapika pombe ya kwanza. Akasema yeye ni mzee lakini si mjinga, anajua kioo na nyaya si mahindi ya mbegu. Alitaka yaingie masizi kila mahali, ili siku yoyote atakayeifungua aseme bibi huyu ameiua, asije mtu akasema mtoto alimwibia mama yake. Nikamwuliza kule kiungamioni aliungama nini. Akasema si kompyuta.

Nikamwambia vizuri, kama ni hivyo tumwache mtamba azae. Akakataa kabisa. Akasema mtoto aliyeacha kitu kitupu hawezi kukifuata, atapitia wapi na uso wake. Ila kikijazwa, akasikia kinafanya kazi kama alivyosema mwenyewe, basi hakusema uongo, anaweza kuja kuchukua mali yake kama mtu yeyote. Nikamjibu kwa hasira kwamba afadhali amtumie jani la isale, ingawa kwa kawaida anayetuma isale ni aliyekosa, anaomba radhi kwa aliyekosewa, si kinyume chake. Akaniambia angekuwa na anwani angeshatuma.

Mtamba alichukuliwa na Sirili, mchuuzi wa ng'ombe wa Himo. Mimi ndiye niliyemshika kamba mpaka barabarani, kwa sababu kwa mwingine alikuwa hakubali kutembea. Fedha nikaipeleka kwa Davis, naye akaipokea kama mtu anayepokea mkono wa rambirambi. Vitu vikaja, akavipachika, nimesimama pembeni. Ikawaka, dada. Kioo kikawa buluu kama joho la Bikira Maria. Nilikuwa sijafika katikati ya Salamu Maria wakati iliponuka kama waya ulioungua, ikazimika. Davis akaihangaikia siku ile na siku zilizofuata. Mwisho akaniambia ule ubao mkubwa wa ndani umeliwa na moshi na joto, umekwisha, na kwamba kama ingewekwa chini ya kitanda tu, ndani ya mkoba wake, vitu hivi vingeifufua.

Kwa hiyo sasa ni kweli. Mama ndiye aliyeiua. Kile alichokitunga ili kumfunika mtoto kimegeuka kuwa kweli kuliko kweli yenyewe, na mtamba ameliwa.

Sasa nikuungamie wewe, maana kwa padri bado sijajiandaa. Mama sijamwambia. Nimemrudishia kompyuta imefutwa vizuri na mafuta kidogo, nikasema imepona. Akataka aione ikiwaka, twende kwa Mektrida. Nikamwambia iliwaka mjini mbele ya macho yangu, jambo ambalo si uongo, ila ikishawaka inadai neno la siri ambalo analo mwenyewe Gidioni peke yake, na ikilazimishwa na mgeni inajifunga. Akafurahi sana. Alisema ndivyo kitu kinavyotakiwa kiwe, kimjue mwenyewe. Mektrida alipokuja kuchungulia akaambiwa imepona, akarudi kwake bila habari ya kupeleka kilabuni.

Basi hilo ndilo jibu la swali lako. Usitume kitu. Mchango wako jitibie mgongo. Ukibakiwa na chochote, mnunulie Mama maziwa ya kopo, kwa sababu tangu ng'ombe mweusi aondoke anakunywa chai ya rangi na kusema kwamba maziwa yalikuwa yanamletea kiungulia.

Nina ombi moja tu. Gidioni akipiga simu, atapiga kwako kabla ya kwetu, maana wewe ulimbeba mgongoni na hukuwa nyumbani Krismasi ile. Usianze kwa kumgombeza. Mwambie Mama aliipeleka kompyuta yake kwa fundi, na inawaka. Usiongeze neno. Akisema anakuja, nijulishe siku, nitamngoja Himo, tupande naye kwa miguu mpaka nyumbani, ili nimweleze yeye mwenyewe atamwambia Mama nini atakapoombwa aiwashe.

Sidhani kama atakuja. Lakini Mama ameshaanza kufagia chumba chake.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu, anasema uvae sweta, ingawa nimemweleza Songea si hapa. Mke wangu anakusalimu pia. Ukishaisoma barua hii, itie jikoni iungue.

Ni mimi mdogo wako,
Valerian.