Mama Kambare na Mikuki ya Jumamosi

Jumanne, baada ya chakula

Bila mimi, bwawa letu hapa Katangi halingekuwa na samaki hata wa kuonja. Watu wote wanajua, hata wale hawapendi kusema.

Na leo kamati ya bwawa imetangaza sheria mpya: kuanzia Jumamosi, kambare wataruhusiwa kuchomwa kwa mkuki. Mwenyekiti ni Musyoka, mtoto wa dada yangu, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kufunga ndoano.

Nikamwambia, "Mkuki unachagua yule mkubwa, na yule mkubwa ndiye mama ya hao wengine. Mtu wa ndoano anaweza kumrudisha. Wewe utamrudisha aje na tundu mgongoni?"

"Anko, samaki ni wa sufuria," akasema. "Wewe uko na roho ya padre."

Watu wakacheka. Iliniuma, lakini wacha wacheke. Nimeshaongea na wavuvi wote wa ndoano. Jumamosi tutakuwa pale kabla ya jua, na atakayekuja na mkuki atanipata nimesimama mbele ya maji. Nitawakumbusha vile nilishika mama kambare, mrefu kama mlango, nikamhurumia, nikamrudisha. Tangu siku hiyo kila mtu hapa anarudisha wakubwa.

Hiyo desturi ni nzuri na nitaitetea.

Ila kwa hili daftari niseme ukweli. Sikumrudisha. Alinipiga na mkia nikaanguka kwa matope, akaenda, na nilikuwa nimeshapigia mama watoto simu apashe mafuta moto.