Swichi Niliyokutumia

Ruangwa, 6 Machi 2006

Mdogo wangu Tabitha,
Hujambo huko Nachingwea? Mama kifua kimemwachia kidogo, anakusalimu.
Swichi ya mtandao wa kompyuta uliyoomba nimempa kondakta. Iweke badala ya ile iliyopigwa na radi hapo hospitalini kwenu. Nimejifunzia juu yake miaka miwili, VLAN, zile njia za mtandao zilizotengwa, natengeneza, nafuta, natengeneza tena. Jina la kundi la swichi nimeandika lile lenu ili iungane na zenu haraka. Mimi niliishia la saba ili wewe usome. Sisemi kwa ubaya. Waambie tu imetoka kwa nani.
Kaka yako, Kipriani

Nachingwea, 10 Machi

Kaka,
Shikamoo. Mama amelala vizuri?
Huku si kwema. Swichi zetu nne zilikuwa na VLAN tatu, ya masjala, ya dawa na ya maabara, zisiingiliane. Nilipochomeka yako, dakika haikuisha, zote tatu zikafutika kila swichi. Siku mbili majibu ya damu tumebeba mkononi. Mganga Mkuu kaniuliza, “Tabitha, umechomeka nini?” Nikaichomoa bila kukutaja. Tarehe 20 nahojiwa na kamati. Uliiwekaje?
Mdogo wako, Tabitha

Ruangwa, 13 Machi

Tabitha,
Mama yuko vilevile.
Usinitwishe lawama. Swichi ilikuwa nzima. Wenye vyeti mkiharibu, mnamtafuta fundi wa mtaani.
Kipriani

Ruangwa, 16 Machi

Mdogo wangu,
Salamu. Juzi niliandika kwa hasira.
Nimefungua daftari langu. Ukigusa VLAN, swichi inajiongezea namba moja. Namba ya zenu sidhani ilifika 20. Yangu ilikuwa 214. Zikikutana kwenye kundi moja, zote zinaifuata yenye namba kubwa, hata kama haina kitu. Nami nilifuta VLAN zangu zote ikufikie safi. Namba sikuirudisha sifuri.
Kosa ni langu. Tarehe 20 nakuja kuieleza kamati.
Kaka yako, Kipriani

Nachingwea, 18 Machi

Kaka,
Shikamoo. Usije. Kamati iliwahisha, ilikaa jana, barua yako imefika leo.
Nimesema swichi niliinunua mwenyewe na sikuikagua. Kuikagua ilikuwa kazi yangu, hilo si uongo. Wameniachisha kazi. Nina cheti, nitaomba kwingine. Wewe ukitajwa, nani hapo Ruangwa atakupa tena kompyuta yake uifungue?
Ile 214 niliiona siku ileile. Nilikuuliza ili uniambie mwenyewe.
Jumatano nakuja. Mama nitamuuguza mimi, wewe fungua kibanda chako cha ufundi.
Mdogo wako, Tabitha