Mkate wa rosemari na maombi ya mama mkwe

Wariara uko? Usicheke.

Mama mkwe amekuja kutoka Mau Narok, mara yake ya kwanza kwangu. Nikampikia mkate kwa sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Ndani nikaweka majani ya kile kichaka cha rosemari hapo nje kwa mlango. Akaunusa, akasema, "Jepleting, leo nimefika."

Akaanza kuombea chakula. Unamjua. Alipofika kuombea mvua na ngano nikafungua jicho moja.

Mlango wazi. Mbwa wetu, yule nilikuwa nimemfungia nyuma, ameinua mguu kwa rosemari. Ile ile. Ameinua kama mtu amezoea.

Nikafunga jicho. Mama akaacha mvua na ngano katikati. Halafu, "Na Bwana, takasa chakula hiki." Akarudia. "Kitakase kabisa."

Wariara, huyo alikuwa ameona. Lakini nani atasema? Ukisema umeona mbwa, umesema hukuwa unaomba.

Tukasema amina. Akala slesi tatu akiniangalia. Mimi nikala nne.

Mkate ukaisha. Akafuta mdomo, akauliza pole pole, "Na huyo mbwa wenu anaitwaje?"

Nikamwambia, "Kwani umemwona saa ngapi, mama?"