Mashine ya Chapati Imekubali

Shikamoo Mama,

Ile mashine ya chapati tuliyokuja kuifunga hapa Ubungo leo imekubali! Silinda ya upepo ilikuwa inashuka, inakandamiza donge, ikinyanyuka tu chapati inajirudi, nene kama andazi. Wenzangu wakaongeza upepo, chapati zikachanika. Bosi wa kiwanda akafoka, "Isipofanya kazi leo, ing'oeni muondoke nayo!"

Nikakukumbuka ukinichapa mkono: "Acha unga upumzike!" Nikafunika madonge kwa kanga, tukanywa chai. Tulipowasha tena, pshii! Chapati ikatoka duara, nyembamba kama leso. Wadada wa kiwandani wakapiga vigelegele, bosi naye akacheza!

Umbo tumeliweza, Mama, ila utamu bado uko kwako. Jifunike, baridi ya Tukuyu haina adabu. Nawe upumzike sasa. Nikirudi, chapati nasukuma mie.

Mwanao,
Tumaini