Kwa Baba Neema, Uliyemkata Mama Yangu Kwenye Video ya Harusi

Baba Neema,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana nataka uisome yote. Nimeiandika wazi, aisome na mwingine akitaka, kwa kuwa ulichokifanya ulikifanya mbele ya watu.

Sisi hatujambo. Neema yuko bwenini, anajiandaa na mitihani. Mimi bado nafundisha hapa Nangwa na bado nakaa nyumba ileile uliyoniachia. Miaka miwili sasa tangu uhamie Arusha kwa yule mwanamke wako. Siku ulipohama ulibeba kamera, taa, kompyuta zote mbili na ile monita kubwa uliyokuwa ukiifunika kwa kanga kama mtoto mchanga. Hukulibeba boksi la waya lililokuwa uvunguni. Likizo iliyopita nilikuwa nafagia, nikalivuta, na chini ya waya nikakuta diski yako nyeusi, ile uliyokuwa ukihifadhia picha zote kama zilivyotoka kwenye kamera, kabla hujazikata na kuziunga. Ulikuwa ukiniambia, "Picha ya asili huwa sifuti, Mama Neema. Mteja anaweza kurudi." Ulijisifu sana kwa hilo. Leo nakushukuru.

Niliichomeka kwenye laptop yangu ya shule. Unaijua, kioo kimepasuka pembeni na nusu ya chini imejaa mistari. Video zilifunguka kwa kukwamakwama, watu wadogo kama siafu. Lakini niliona folda imeandikwa HARUSI YETU. Niliifunga hapohapo. Nikaamua kwamba nitaiangalia siku nitakayoweza kuiona vizuri.

Nikukumbushe kwa nini.

Unakumbuka ulivyofika kwetu Tlawi mara ya kwanza? Ulikuja kupiga video ya kipaimara kwa jirani, mvua ikakukamata, mama akakuita ndani. Alikupa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Ulikunywa yote, ukafuta mdomo, ukamwambia, "Mama, nikimuoa binti yako nitakupiga video mpaka watu wa mbali wakujue." Mimi nikatafsiri kwa Kiiraqw, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi dukani. Alicheka akiziba mdomo kwa kiganja kwa sababu ya meno yaliyong'oka. Wewe na mimi hata hatukuwa tumeongea jambo lolote. Nilikupenda kwa sentensi hiyo. Nataka ulijue hilo, kwamba hukunipata kwa kamera wala kwa pikipiki yako.

Siku ya harusi alishuka kutoka Tlawi tangu alfajiri, akafika ukumbini amelowa. Juu ya gauni alivaa sweta lake la kijani lililotoboka kiwiko, na miguuni raba nyeusi za shambani. Nilimwona akiingia, nikaona watu wanampisha. Alileta blanketi na kibuyu cha maziwa. Aliimba. Najua aliimba, nilikuwepo.

Lakini kwenye video uliyotupa hakuwemo. Keki ilikuwemo, hata mbwa wa jirani alikuwemo. Nilipokuuliza ulisema betri iliisha pale. Nikaamini, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unajua mambo ya betri.

Mama alikuja kuitazama hapa nyumbani. Unakumbuka alivyokaa? Alikaa kwenye kile kiti cha mbao, mikono mapajani, kama yuko kanisani. Saa mbili nzima hakuinuka hata kwenda kujisaidia. Kila baada ya muda alikuwa akiniuliza polepole, "Bado sijafika?" Nikamwambia, bado mama. Mpaka ikaisha. Wewe ulikuwa umekaa naye chumba kimoja, unakula karanga. Alipoaga alikwambia asante kwa video nzuri.

Na alipofariki tulikuwa hatuna picha yake ya kuweka mbele ya jeneza ila ile ya kitambulisho cha kupigia kura, amekunja uso kama aliyekamatwa. Wewe ndiye uliyeikuza. Ulikaa mbele ya kompyuta yako mchana kutwa, unasafisha ile picha mbovu, na mimi nilikuletea chai nikakushika bega nikalia. Ulisema, "Pole, mwalimu. Ndiyo tuliyonayo."

Ndiyo tuliyonayo.

Basi nilikwenda Katesh, kwa Mama Rukia mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na stendi, nikamwambia nataka monita ya kuonyesha video ya HD. Akaniuliza, "Ya kuangalia au ya kufanyia kazi?" Nikamwambia, ya kumwangalia mtu. Alinitolea iliyotumika, safi, akaiwasha mbele yangu apate kunionyesha kwamba kioo hakina doa. Halafu akaniambia, "Haina spika, mwalimu. Chukua na hizi ndogo, usije ukaona midomo inacheza tu. Na usitumie ule waya wa zamani wenye kichwa cha bluu, chukua wa HDMI."

Niliifunga mwenyewe, Baba Neema. Miaka yote hiyo ulikuwa ukiniambia mikono ya chaki isiguse vioo. Niliiweka juu ya meza ya kulia, usawa wa macho, kiti nikakirudisha nyuma hatua moja. Jua lilikuwa linapiga kioo kutoka upande wa mlima, nikatundika shuka dirishani. Picha ya kwanza ilikuja imevimba na ina ukungu. Nikaingia kwenye mipangilio nikakuta kompyuta imeshikilia ukubwa wa kioo chake kibovu. Nikachagua ule mkubwa, elfu moja mia tisa na ishirini kwa elfu moja na themanini, na maandishi yakakaa sawa. Nyuso zilikuwa za bluu kama za watu waliopigwa baridi, nikabonyeza vitufe vya chini ya monita mpaka rangi ya ngozi ikarudi. Video ikawa bado inakwama. Hapo nilikaa kama nusu saa nikiwaza, kisha nikafunga programu zote na kuihamisha video kutoka kwenye diski kwenda kwenye laptop yenyewe. Ikatembea laini kama maji. Yote hayo yalinichukua mchana mmoja. Wewe ulinifanya niamini ni kazi ya kusomea.

Kisha mama akaingia mlangoni.

Niliona matone ya mvua kwenye nywele zake. Niliona nyuzi za sweta zilivyochomoka kiwikoni, na lile kovu la jembe kwenye kidole gumba. Aliangalia kulia na kushoto akinitafuta, na aliponiona alicheka wazi, meno yote yaliyobaki nje, mkono hakuupeleka mdomoni. Nilisimamisha hapo. Nikagusa kioo.

Nilipoiachia iendelee, ukatokea wewe pembeni, suti yako ya kijivu, ua kifuani. Ulimsogelea rafiki yako aliyekuwa ameshika kamera. Spika za Mama Rukia ni ndogo lakini hazifichi kitu.

"Huyo bibi mruke," ulisema. "Sweta hilo litatuharibia video."

"Si mama mkwe wako huyo?"

"Nimesema mruke."

Halafu ukaja ukanishika mkono, ukanitabasamia. Na mimi nikakutabasamia.

Rafiki yako hakumruka. Alimpiga picha mama kwa dakika kumi na moja, wimbo wote, mpaka alipokaa. Aliyemkata ni wewe, baadaye, umekaa peke yako, ukijua yule ni nani na ulimwahidi nini. Mama aliisubiri ahadi hiyo saa mbili kwenye kile kiti.

Nililia, halafu nikaacha kulia, halafu nikafikiria namna ya kukuumiza. Sikufichi. Niliwaza kuja Arusha na kukukabili mbele ya wateja wako. Niliwaza kumtumia video huyo mwanamke wako. Mwisho nikamkumbuka mtu mmoja tu unayemwogopa.

Jumapili baada ya ibada nilimleta mama yako kutoka Balangdalalu. Alikuja na mkongojo wake na mayai kwenye kikapu, kama kawaida. Tulikula kwanza. Nikamwambia, "Mama, nataka umwone marehemu mama yangu." Akafurahi kweli, maana walipendana wale, japo kila mmoja alikuwa na lugha yake. Nikamweka mbele ya monita.

Alipomwona mama akiingia alipiga makofi taratibu. Aliposikia sauti yako alishusha mikono. Akaniambia, "Rudisha nyuma kidogo, mwanangu." Nikarudisha. Akasikiliza ameinamisha kichwa. "Rudisha tena." Mara tatu.

Kisha akaniuliza, "Ile ya Yoeli imo humo?"

Yoeli ni mdogo wako, na harusi yake uliipiga wewe mwenyewe, hukumwachia mtu kamera. Mimi nilikuwa sijaifungua, hilo naapa. Nikaitafuta, nikaiweka. Mama yako alisimama katikati ya ukumbi, pekupeku, kanga mbili, akimbariki mwanawe wa mwisho. Alinena kwa muda mrefu. Maneno yale hakuna aliyewahi kuyasikia tena baada ya siku ile, kwa sababu kwenye video mliyogawiwa ndugu baraka hiyo haimo. Mnatoka kwenye sala ya mchungaji mnaingia kwenye chakula.

"Aliniambia betri iliisha," mama yako alisema.

Hapo hata mimi nilikuonea aibu. Kwa muda mfupi.

Alikuwa bado anakiangalia kioo simu yake ya kitochi ilipoita. Ilikuwa ni wewe, Jumapili, saa yako ya kumsalimia. Aliipokea akaishika mbali na sikio, na kwa jinsi ile simu inavyopiga kelele nilikusikia kama uko mezani.

"Shikamoo mama."

Hakujibu.

"Mama? Shikamoo. Unanisikia? Mtandao unasumbua?"

Alinisogezea simu. Akaniambia, "Mwambie mtandao uko sawa."

Nikakuambia. Uliitambua sauti yangu, nikakusikia ukivuta pumzi. Ukauliza mama yako ana nini, mbona haitikii. Nikamtazama. Alikuwa amegeukia monita, akaniashiria kwa kidole niendelee na video. Nikakata simu.

Tangu siku hiyo umeniandikia ujumbe mara nne ukiuliza nimemwambia nini mama yako, mbona bado haitikii shikamoo yako. Sikumwambia kitu. Nilimwekea video ulizohifadhi mwenyewe. Kwenye ujumbe wa tano uliomba nizifute, ukasema zitakuharibia kazi. Sitafuta. Folda za harusi ni nyingi kwenye hiyo diski, na nimeanza kuwapigia simu wenyewe mmojammoja. Walikuja wa hapa Nangwa wakamwona babu yao akicheza na fimbo. Walikuja wa Dongobesh. Wanakaa kwenye kiti kilekile, wanalia, wananishukuru, kisha wanauliza ni nani aliyemtoa mzee wao. Nawatajia jina lako lote, na la baba yako.

Unaweza kusema nina roho mbaya. Labda. Lakini kila jioni nikitoka shule namwona mama akiingia mlangoni na mvua kichwani, na nikimaliza kumwona hasira yangu inakuwa mpya kabisa, sijaichoka.

Sikuombei ugonjwa wala ajali. Nakutakia afya njema na maisha marefu huko Arusha, na simu isiyoishiwa chaji, uendelee kumpigia mama yako kila Jumapili na kumwamkia.

Aliyekuwa mke wako, binti wa yule bibi wa sweta,
Mama Neema