Soksi Mbili Zisizofanana

Baba mpendwa, shikamoo.

Mjukuu wako sasa hivi kaniletea soksi, moja nyekundu, moja ya kijani, kifua mbele, anajisifu kuwa amepata pacha. Nimecheka hadi machozi. Sisi wazima kabisa. Goti la Mama limepoa?

Mwezi uliopita sikuwa na kicheko, Baba. Mwalimu wa chekechea aliniita akasema mtoto ni mzito, rangi hazimwingii, labda arudie darasa. Mume wangu akadai ni ukaidi aliourithi kwangu. Nikampeleka hospitali ya macho. Daktari, mama mmoja mcheshi, akamwonyesha picha za vidoa vya rangi, kisha akatutaka sote watatu tuteme mate kwenye vichupa, vinasaba vyetu vikasomwe maabara.

Jana tukaitwa. Daktari akasema mwanetu huyu wa kiume hatofautishi nyekundu na kijani. Akatueleza kuwa mwanamke ana kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, mbili za X, mwanamume ana X moja na Y moja. Zamani za kale mno, kabla watu hawajawa watu, X na Y zilikuwa sawasawa. Y ikawa inapungua kizazi hadi kizazi, kama sabuni ya bafuni, ikabaki kipande. Vinasaba vya kuona nyekundu na kijani vimekaa kwenye X. Mwanamke ikiharibika moja, anayo ya akiba. Mwanamume hana, na X yake hupewa na mama. Hapo mume wangu akaruka kitini kama aliyeshinda kesi!

Daktari akanigeukia, akaniuliza kama baba yangu huchanganya rangi. Baba, nikaikumbuka ile suruali ya kahawia uliyoishona kwa uzi wa kijani. Mteja akakupigia kelele, mtaa mzima ukakuita Fundi Bendera, wakasema umelewa, nawe ukafunika cherehani mpaka leo. Hukuwa mlevi wala mzembe. Ni macho tu, na yamepitia kwangu yakamfikia mjukuu wako.

Mwalimu ameomba radhi, kaziandika penseli za mtoto majina ya rangi. Nami nimekufanyia hivyohivyo: nyuzi zimo kwenye kifurushi, kila mmoja nimeubandika jina. Funua cherehani, Baba. Mshonee shati, halafu anza na nguo za kichanga, maana, nilikuwa nakuficha, nina mwingine tumboni.

Msalimie sana Mama. Mjukuu wako amechagua shati la buluu, rangi ambayo daktari anasema mnaiona vizuri tu, tena... haya, ananiita uani, anasema kaanua nguo zote na kuzipanga kwa rangi, niende nione alivyozipanga.