Koti la Meja

Kericho, 31 Agosti 2025

Mpendwa mjukuu wangu Amondi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeshiba, na joto la Sigor halijakuzidi. Mimi ni mzima isipokuwa goti. Mwalimu Bonareri anarudi shuleni kwenu kesho, kwa hivyo naandika haraka huku akimaliza chai yake. Simu hamruhusiwi, muhula wa tatu hakuna siku ya wazazi. Tumshukuru Mungu kwa jirani mwalimu.

Mke wangu, Dani yako, bado anaumwa kifua. Siku hizi anakaa kitandani, dirisha wazi, ili atuone mimi na Meja tukienda matembezi. Tunashuka katikati ya michai mpaka mtoni, tunarudi kwa njia ya kiwanda. Wachumaji wanatujua. "Mzee Okoth, hako kambwa kako kamekushinda ndevu!" Na ni kweli. Manyoya yamekuwa marefu, yanazoa matope na mbegu za majani, macho yamepotea humo ndani. Jana nilichukua mkasi nimpunguze. Dani yako akapaza sauti kutoka dirishani: "We mzee, huoni mvua ya mawe inavyotupiga? Meja hunyolewa Januari, jua likiwaka. Rudisha huo mkasi!" Nikaurudisha. Kisha akakohoa mpaka nikamwekea mto wa pili.

Ameniagiza nikwambie: hata iweje, usitoke shuleni kabla ya karatasi ya mwisho. Naandika tu alivyosema.

Babu yako,
Jairus


Sigor, 14 Septemba 2025

Babu mpendwa,

Habari za nyumbani, na habari za goti? Mimi sijambo. Tunakula githeri mpaka ndoto zangu zinanuka maharagwe. Majaribio nilipita vizuri, ila Kemia imenikataa kabisa. Mwambie Meja nimemkumbuka, na asile kuku wa Mama Nyambeki tena.

Babu, lile agizo la Dani limeninyima raha. "Hata iweje" maana yake nini? Naomba kitu kimoja tu. Baba alipofariki nilikuwa darasa la sita. Asubuhi mlinipeleka shule kama kawaida, jioni nikarudi nikakuta turubai uani na watu wananiangalia. Kila mtu alikuwa anajua isipokuwa mimi. Sitaki turubai la pili. Dani akizidiwa, njoo unichukue, au niandikie wazi.

Unakumbuka tulivyorudi kutoka ziwani baada ya kumzika? Tulikaa kwenye benchi tukanyolewa mmoja mmoja kwa ajili ya msiba, mpaka Dani mwenyewe. Halafu akamwita Meja. "Huyu alikuwa akimngoja langoni kila jioni. Ni wa nyumba hii, naye anyolewe." Watu walicheka huku wakilia. Ilikuwa Julai, na Meja akatetemeka mpaka tukamlaza jikoni.

Msalimie Dani. Mwambie nikimaliza mtihani mimi ndiye nitamshika Meja kichwa, yeye akate.

Mjukuu wako,
Amondi


Kericho, 12 Oktoba 2025

Mpendwa Amondi,

Nisamehe kwa kunyamaza muda huu wote. Nilisafiri kidogo. Nilifika kule ziwani, kwenye boma la baba yangu. Njia imeota vichaka na nusura nipotee. Ni ajabu: nilizaliwa huku kwenye chai, nikafukuzwa huku mwaka ule wa vurugu, nikarudi huku huku, na bado wazee wa kule wananiuliza nitarudi lini nyumbani. Nilisimama tu, kofia mkononi.

Dani yako hakohoi tena. Anapumzika.

Meja yuko, ila baridi inamsumbua. Nimemshonea koti kutokana na ile sweta ya kijani ya Dani. Nilikata mikono nikabakisha vipande vifupi, miguu ya mbele inapita hapo vizuri. Mshono umepinda, macho yangu si ya zamani. Tulipopita leo wachumaji hawakututania. Mmoja aliinama akamfunga kifungo. Tukifika chini ya dirisha Meja husimama akatazama juu, nami humvuta polepole twende.

Soma Kemia. Usiogope zile fomula, ziandike mpaka mkono uzizoee.

Babu yako,
Jairus


Sigor, 19 Oktoba 2025

Babu,

Sijui nikusalimie vipi leo.

Nilisoma barua yako, nikaisoma tena, nikaenda kukaa nyuma ya maktaba. Meja hajawahi kuvaa koti. Akiwa na manyoya yake baridi haimpati, hata mvua ya mawe ikimwagika. Na ile sweta ya kijani, Dani asingekuacha uikate akiwa na sauti ya kukukataza. Na ziwani, Babu, sisi huenda kwa sababu moja tu.

Umemnyoa Meja. Mmenyolewa nyote, bila mimi.

Nimekukasirikia. Niliomba kitu kimoja. Halafu nikitafuta uongo kwenye barua yako siuoni, kila neno ni la kweli, na hilo ndilo linaniumiza zaidi. Nakuona umekaa mezani ukichagua maneno.

Nilifunga begi. Nilifika mpaka langoni, askari akaniuliza naenda wapi. Nikakumbuka "hata iweje." Sasa najua maana yake. Nikarudi.

Jana mchana nilimwomba mwenzangu Janefer aninyoe. Alitumia mkasi wa darasani na wembe, akanikata kidogo karibu na sikio. Matron akaniuliza, "Amondi, ni chawa?" Nikamjibu, "Ni joto, Matron." Nywele nimezifunga kwenye leso. Nitakuja nazo uniambie zenu mliziweka wapi.

Mtihani nitaufanya, hata hiyo Kemia. Lakini usiniandikie tena kabla sijamaliza. Ukiniandikia utalazimika kunitamkia, na ukinitamkia sitaweza kubaki hapa. Siku ya karatasi ya mwisho njoo langoni na Meja. Manyoya yatakuwa yameanza kuota, utaona koti halihitajiki. Mvishe hivyo hivyo.

Na tafadhali, Babu, usilifue.

Mjukuu wenu,
Amondi